Mgonjwa wa Ishirini

Siku Barafu alipowaona kwa mara ya kwanza, mama na binti yake walikuwa wamekaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, na mama alikuwa akizitukana ngazi.

"Aliyeweka chumba cha wagonjwa wa misuli ghorofa ya tatu," alikuwa akisema huku akihema, "na yeye anaitwa msomi. Na yeye analipwa mshahara. Na mkewe anampikia!"

Binti alikuwa wa miaka kumi na mmoja, mwepesi kama fulana iliyoanikwa, kope zimemwangukia mpaka nusu ya macho. Mtu aliyekuwa akishuka na ndoo alisimama juu yao, asijue apite au arudi alikotoka. Alikuwa mtunza mafriza wa maabara ya ghorofa ya tatu, darasa la saba ndiyo elimu yake, umri miaka arobaini na minane, na haya yake ilijulikana jengo zima. Wenzake walimwita Barafu, kwa kazi yake na kwa kimya chake. "Barafu, leo umeshasema maneno mangapi?" walikuwa wakimtania. Akijibu "mawili," walisema, "Basi umelewa."

"Wewe," yule mama akamwambia. "Lifti imekufa lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mmeizika?"

Barafu akatikisa kichwa. Alikuwa akimtazama binti, akidhani amepitiwa na usingizi.

"Sijalala," binti akamwambia. "Macho yangu ndivyo yalivyokaa. Hata mwalimu hudhani nasinzia."

Barafu akaweka ndoo chini, akachuchumaa, akampa mgongo. Akampandisha ngazi zote zilizobaki, na mama akafuata nyuma akiendelea kumsema aliyejenga jengo, aliyelikagua na aliyekata utepe siku ya kulifungua. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mtaani kwake walimwita Mama Sare, na utepe wa kupimia ulikuwa bado umemning'inia shingoni, amesahau kuuvua.

Wiki mbili baadaye walirudi kuchukua majibu. Daktari wa misuli alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye tabia ya kujikuna kiganja kila alipokuwa na habari mbaya. Barafu alikuwa chumbani humo akipanga vichupa, akasikia yote.

"Kila chembe ya mwili ina vinu vidogo sana vinavyogeuza chakula kuwa nguvu," daktari alisema. "Vinaitwa mitokondria. Vya binti yako vina hitilafu. Anakula, lakini nguvu haitoki."

"Hitilafu hiyo kaitoa wapi?"

Daktari akajikuna kiganja. "Vinu hivyo, mama, mtoto huvirithi kwa mama yake."

"Sema tena."

"Si kosa lako. Hakuna mtu aliye..."

"Sijasema ni kosa langu. Nimekwambia sema tena. Mawifi zangu wamelisema hilo miaka sita bila kusoma. Nataka nilisikie kwa aliyesoma."

Daktari akalirudia. Mama Sare alikuwa akimtazama mdomoni, hamwachii.

"Dawa yake?"

"Bado haipo. Mpaka utafiti ufanyike. Na utafiti hatuwezi kuuanza bila fedha za Mfuko wa utafiti, na Mfuko hautoi kitu kwa ugonjwa wenye wagonjwa chini ya ishirini. Wawe hai, na kipande cha msuli wa kila mmoja kiwe ndani ya friza letu. Sisi tunao wawili. Binti yako ni wa tatu."

"Kwa nini ishirini?"

"Wanasema ni ugonjwa wa nadra."

"Nadra kwa nani? Mimi nimezaa wawili, wameugua wote wawili. Nyumbani kwangu mafua ndiyo ya nadra!"

Hapo ndipo Barafu alipojua kwamba kulikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza, wa kiume. Huyo alifariki akiwa na miaka kumi na mitatu, kabla mtu yeyote hajautaja ugonjwa wake kwa jina. Shuleni alichapwa kwa uvivu. Alikuwa akichoka kuinua daftari, nao wakamchapa. Akashindwa kusimama mstarini, wakamchapa akiwa amekaa. Mama Sare alilisimulia hilo mara moja tu, wala hakulia. Alivuta pumzi kwa pua kama mtu anayenusa kitu kinachoungua jikoni.

Alikuwa na madaftari ya vipimo ya miaka kumi na minane. Kila muhula unapoanza, watoto wa shule tano walipita mbele ya cherehani yake: mabega, kifua, kiuno, urefu. Usiku ule wa majibu alilifungua daftari la mwanawe marehemu, na akaona kitu alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe. Watoto wote namba zao zilipanda mwaka hadi mwaka. Za mwanawe zilipanda, zikasimama, halafu zikashuka. Mabega yalipungua inchi moja, kisha mbili. Aliwahi hata kumtania: "Wewe unarudi tumboni nini?" Alikuwa ameuandika ugonjwa wa mwanawe kwa inchi, na hakuusoma.

Basi akaanza kuyasoma madaftari yote. Kila mtoto ambaye namba zake zilirudi nyuma, alimwekea alama ya chaki ya kushonea, kisha akaenda kumtafuta kwao. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Yeye aliingia nyumba za watu kabla wenyewe hawajajua kwamba wana cha kulilia. Walikuwepo waliomfukuza. Walikuwepo waliomwita mchawi anayepima watoto wa watu majeneza. Wengi wa watoto hao hawakuwa na ugonjwa ule. Walikuwa na minyoo, au walikuwa na njaa tu, na siku alizowakuta wa njaa alirudi na hasira ya aina nyingine. Lakini wachache walikuwa na zile kope, ile shingo isiyobeba kichwa, na shangazi au mama aliyeitwa mvivu maisha yake yote. Hao aliwaleta ghorofa ya tatu mmoja mmoja.

Ilimchukua miaka miwili. Barafu aliwabeba mgongoni wote walioshindwa ngazi. Binti wa Mama Sare, kila alipoletwa kupimwa, aliketi kwenye kigoda kando ya mafriza akahesabu maneno ya Barafu kwa vidole.

"Leo sita! Baba Barafu, utapasuka koo."

"Saba," Barafu alimjibu siku moja, na binti akacheka mpaka daktari akaja kumtuliza, maana hata kicheko kilimla nguvu.

Kila mgonjwa alikuwa na kichupa chake, kipande cha msuli kisichozidi punje ya mchele, kwenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Kichupa cha aliye hai kilikuwa na kifuniko chekundu. Mgonjwa akifariki, ilikuwa kazi ya Barafu kutoa chekundu na kuweka cheupe. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja bila kukosea hata mara moja. Alijivunia jambo hilo, ingawa hakumwambia mtu. Kabla ya kubadilisha kifuniko alisema "pole" kwa sauti ya chini, na hilo ndilo neno pekee alilolisema kazini bila kuulizwa.

Walipofika ishirini, daktari alipeleka maombi. Mfuko ukajibu kwamba wajumbe watakuja kukagua Jumanne, saa tatu asubuhi.

Jumamosi yake, mke wa kinyozi, mgonjwa wa kumi na nne, akafariki.

Mama Sare alikwenda kuzika Jumapili. Jumatatu akapanda ngazi, akaingia kwa daktari bila kubisha hodi.

"Nipasueni mimi."

"Mama, wewe si mgonjwa."

"Mimi sisikii vizuri huu mwaka wa nne. Nawasoma midomo. Mkasi ukinishinda nasema ni uzee, na uzee wenyewe bado sijaufikia. Umeniambia mwenyewe kwamba vinu hivi wanangu wamevitoa kwangu. Sasa unadhani mimi nilivitoa dukani?"

Daktari alimpima masikio, akampima nguvu ya mikono, akakaa kitini, akajikuna kiganja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, naye aliyaficha kwa sababu ilikuwa zamu ya watoto kwanza. Wakakubaliana akatwe kipande cha msuli wa paja kesho yake saa mbili, saa moja kabla ya wajumbe.

Jumanne hiyo, saa tatu kasoro dakika kumi, muuguzi alimletea Barafu kichupa cha Mama Sare ndani ya chombo cha baridi, akakiweka mezani pake. Hakikuwa na namba. Namba zilitolewa na karani, na karani aliingia kazini saa nne. Daktari alikuwa bado chumba cha pili, anamshona Mama Sare paja.

Wajumbe wakafika. Walikuwa watatu, na aliyesema alikuwa mwenyekiti, mwanamume mnene mwenye viatu visivyo na vumbi hata baada ya ngazi zile.

"Wewe ndiye mtunzaji? Fungua."

Barafu akafungua, akatoa trei. Mwenyekiti akahesabu vifuniko kwa ncha ya kalamu.

"Hiki cheupe ni nini?"

"Amefariki."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Kwa hiyo walio hai ni kumi na tisa."

Ilikuwa kweli. Ndani ya trei ile walikuwa kumi na tisa. "Ndiyo," Barafu akasema.

Mwenyekiti akaandika. Na hapo maneno yalimpanda Barafu. Kuna mmoja mezani, mheshimiwa. Yamefika kooni. Lakini kichupa hakikuwa na namba, hakikuwa na kifuniko cha rangi, na mwenyekiti alikuwa anaangalia saa. Tena tangu azaliwe Barafu hakuwahi kumkatiza mtu aliyevaa tai. Maneno yakakaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakuulizwa, hakusema. Wajumbe wakashuka. Daktari alipotoka chumba cha pili akivua glovu, akasikia gari linaondoka.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Maombi yameahirishwa hadi mwaka ujao kwa kutotimiza idadi. Daktari alikuwa ameshapiga simu mara nne, kila mara akaambiwa mjumbe yuko kikaoni. Mama Sare alikuja akichechemea, paja bado lina uzi.

"Kumi na tisa?" alisema. "Na mimi je? Nilikatwa kitoweo?"

Daktari akaanza kueleza habari ya namba na karani. Mama Sare akamwinulia mkono anyamaze, akamgeukia Barafu.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Changu kilikuwa wapi?"

"Mezani pangu."

"Yeye alisimama wapi?"

Barafu akamwonyesha. Mama Sare akavua utepe shingoni, akamshikisha Barafu ncha moja pale mezani, akatembea na nyingine mpaka kwenye friza. Utepe ukaisha, akaweka kidole, akaanza tena. Daktari aligeuka akatazama ukuta.

"Futi tisa na nusu," Mama Sare akasema. "Nilitaka nijue tu. Nilidhani labda kilikuwa mbali."

Barafu aliona afadhali angemtukana. Alimchukia mwenyekiti na kalamu yake. Aliichukia kanuni inayotaka watu ishirini waugue pamoja na wasife mapema, kana kwamba ni wachezaji wanaosubiri timu itimie. Zaidi ya vyote alilichukia koo lake mwenyewe.

"Twende," Mama Sare akamwambia, akimshika mkono wa koti. "Utakwenda kuyasema huko uliyoyameza hapa."

Ofisi ya Mfuko ilikuwa na zulia lililomeza nyayo zao na katibu aliyewaambia warudi Alhamisi. Mama Sare akaketi. Akatoa kola ya shati mkobani, akaanza kuishona kwa mkono, pale pale, akidondosha vipande vya uzi kwenye zulia. Saa sita mchana mwenyekiti akatoka kwenda kula, akawakuta mlangoni.

Mama Sare akamsukuma Barafu mbele kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

"Walikuwa ishirini, mheshimiwa," Barafu akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, si yake. "Msuli wa huyu mama ulikuwa mezani. Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Ungesema pale pale."

"Ndiyo."

"Basi. Daftari la mwaka huu limefungwa. Mwakani mnakaribishwa."

"Wazo jema," Mama Sare akasema. "Mwaka wako una miezi kumi na miwili. Wa binti yangu una mingapi?"

"Mama, naelewa uchungu wako."

"Huuelewi! Ungeuelewa ungerudi ndani ukalifungua hilo daftari kwa mikono hiyohiyo uliyolifungia. Limefungwa kwa misumari? Nikuletee nyundo?"

"Kanuni hazikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja."

"Nimekuletea ishirini, ukaninyima. Sasa unaniambia habari ya mtu mmoja?"

Mwenyekiti akatabasamu lile tabasamu la watu wenye njaa ndogo ya mchana na gari linalowangoja, akapita. Huko nje kwenye jua Mama Sare akamgeukia Barafu.

"Umesema vizuri, baba," akamwambia. "Umechelewa siku kumi na tatu tu."

Mwaka ule ulikwenda. Mama Sare aliendelea kupima, akaendelea kutafuta, na mkono wa kulia ukaanza kumwacha, akajifunza kukata kitambaa kwa wa kushoto. Binti yake aliacha kutembea mwezi wa tatu na kumeza mwezi wa sita. Mara ya mwisho alipoletwa maabara alitaka kuhesabu maneno, lakini vidole havikuinuka. Basi Barafu akamhesabia kwa vidole vyake mwenyewe, akisema neno moja kwa kila kidole, maneno yoyote: friza, ndoo, ngazi, tai, mjinga. Kwenye "mjinga" binti akacheka kwa macho.

Alifariki mwezi wa nane, mchana, mama yake akiwa anapiga pasi sare ya mtoto wa watu.

Daktari alimwambia Barafu, "Acha, hiki nitabadilisha mimi." Barafu akakataa. Alivaa glovu, akatoa trei, akatoa kifuniko chekundu, akaweka cheupe. Akasema "pole." Kisha akasema neno jingine, kwa sauti, neno ambalo hajawahi kulisema mbele ya mwanamke wala mahali pa kazi, na alilisema akiwa ameelekeza uso upande ilikokuwa ofisi ya Mfuko. Daktari hakumkemea. Alilirudia.

Watu walidhani Mama Sare atakaa ndani. Arobaini ilipopita alionekana mlangoni kwa mtu, daftari kwapani, akiuliza kwa nini kijana wa nyumba hiyo suruali ya mwaka juzi bado inamtosha. Mpaka Mfuko unafungua daftari lake upya alikuwa amepata wengine watatu. Safari hii wajumbe walipokuja, Barafu alisimama mlangoni mwa chumba cha mafriza akawasomea majina yote ishirini na mawili kabla hawajauliza hata salamu. Mwenyekiti akasema, "Inatosha, inatosha." Barafu akasoma mpaka mwisho. Fedha zikatolewa. Mashine ikaagizwa, wanafunzi wawili wa udaktari wakaajiriwa, na kazi iliyotakiwa kuanza mwaka mmoja kabla ikaanza.

Mfuko ukaandaa sherehe. Wakakodi viti vyenye vitambaa, wakaweka kipaza sauti, wakamwalika Mama Sare aketi meza ya mbele ili apigwe picha akipeana mkono na mwenyekiti. Hawakujua, au hawakujali, kwamba kufikia wakati huo alikuwa hampi mkono mtu yeyote wa Mfuko. Alikuja na fimbo. Masikio yalikuwa yamekufa kabisa, na kuisoma midomo kulimchosha. Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama akiwa kwenye cherehani, na Barafu ndiye aliyebadilisha kifuniko. Lakini siku ya sherehe alikuwa bado na nguvu ya kukasirika, na hasira hiyo haikumpungua mpaka siku yake ya mwisho.

Hakwenda meza ya mbele. Alimtafuta Barafu, akamkuta nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, amejikunja kama kawaida yake. Akaketi kando yake. Wakapiga makofi watu wote, mwenyekiti akapanda jukwaani, akagonga kipaza sauti kwa kidole. Mama Sare akaona makofi bila kuyasikia. Akamtazama mwenyekiti akifungua karatasi zake, zilikuwa nyingi. Akatema mate kwenye leso, akaikunja, akainuka kwa fimbo. Barafu akainuka naye ili amsindikize, lakini yeye akamkandamiza begani mpaka akarudi kitini.

Akainama karibu na uso wake, akasema kwa sauti kubwa kama wasemavyo wasioisikia sauti yao wenyewe, mpaka viti vitatu vya mbele vikageuka:

"Mimi sisikii tena, sasa wewe ndiye utakayesikia. Akisema wametusaidia kwa wakati, simama. Usimngoje akuulize."